Mume na mke katika lori moja: ni kuishi pamoja au ni kupokezana?

Majuma machache yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa kijana niliyemfundisha isimu chuoni miaka kadhaa iliyopita. Baada ya kuhitimu, kijana huyo alifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili magharibi mwa Kenya, akamwoa mwalimu mwenzake wa Hisabati, na mimi nikawa mmoja wa wale waliofuatana na wazee kupeleka posa. Baadaye bahati iliwaangukia. Walipata idhini ya ukaazi wa kudumu nchini Marekani kwa njia ile ya bahati nasibu, wakafunga virago na kwenda Texas pamoja na watoto wao wawili. Huko mume hupakia mizigo ghalani mchana, naye mke huwatunza wazee na wagonjwa usiku. "Mwalimu," aliniandikia, "sisi siku hizi tunakutana mlangoni. Mmoja akivua viatu, mwenziwe anavaa."

Sasa wawili hao wamepata fikira mpya. Wanakusudia kuacha kazi zote mbili, waingie shule ya udereva, wapate leseni za kuendesha malori makubwa, kisha waajiriwe na kampuni moja ili waendeshe lori moja kwa zamu, kutoka pwani hata pwani ya Marekani. Kazi hiyo huko huitwa udereva wa timu, nayo kampuni nyingi huitangaza kwa picha za mume na mke wakitabasamu mbele ya trela. Watoto, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 6, watarudishwa kwa bibi yao huku Kenya mpaka mambo yatengenee. Swali alilonitaka nilijibu ni hili: "Je, Mwalimu, si heri tuwe pamoja garini kuliko kupishana mlangoni?"

Nimeomba idhini yake nilijibu swali hili hapa gazetini, kwa sababu si lake peke yake. Katika vyumba vya walimu, na hata katika mabweni ya wanafunzi wangu, habari za malori ya Marekani zimekuwa gumzo la kila siku. Fedha zinazotumwa nyumbani na Wakenya walioko ng'ambo zilifikia takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na Marekani ndiyo inayoongoza miongoni mwa nchi zinakotoka. Sehemu ya fedha hizo imetokana na jasho la Wakenya walioshika usukani. Si haki basi kulidharau jambo hili, wala si busara kulikumbatia kabla ya kulipima.

Hebu kwanza tuelewe kazi yenyewe. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinamruhusu dereva wa lori la mizigo kuendesha kwa saa 11 tu katika muda wa saa 14 tangu aanze kazi, kisha ni lazima apumzike saa 10 mfululizo. Aidha, hawezi kuwa kazini zaidi ya saa 70 katika siku 8. Tangu Desemba 2017 kampuni nyingi zimelazimika kufunga ndani ya lori kifaa cha elektroni kinachozihesabu saa hizo, na siku za dereva kuandika uongo katika daftari zimepita. Tuchukue safari ya kutoka Los Angeles hadi New York, ambayo ni takriban maili 2,800, yaani kilomita 4,500 hivi. Dereva mmoja akienda kwa wastani wa maili 55 kwa saa atahitaji siku tano. Madereva wawili wakipokezana, mmoja akilala katika kitanda kilicho nyuma ya viti na mwenziwe akiendesha, lori litafika kabla ya siku tatu kwisha.

Hapo ndipo tunapoona kwa nini kampuni zinawatafuta watu wawili wawili. Lori ni mali ya thamani kubwa, na lori lililoegeshwa halileti faida. Kuna mizigo isiyoweza kungoja: matunda na mboga, dawa, vipuri vya viwanda, vifurushi vya watu walioagiza bidhaa na kuzitaka keshokutwa. Lakini ni vigumu kuwapata watu wawili wasiojuana watakaokubali kulala kwa zamu katika kijichumba kimoja, hasa ikiwa mmoja wao ni mwanamke. Wanawake nchini Marekani hawafikii hata mmoja kati ya kila madereva kumi wa malori, na wengi wao wamelalamikia hatari ya kufungiwa garini na mtu wasiyemjua. Mume na mke wanaiondolea kampuni tatizo hilo. Wamezoeana, wanaaminiana, na kitanda kimoja kinawatosha. Tabasamu lile la kwenye tangazo lina hesabu nyuma yake.

Na hesabu ndiyo inayostahili kufanywa mapema, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Dereva wa safari ndefu aghalabu halipwi kwa saa wala kwa mwezi, bali kwa maili. Tuchukue mfano, nasema mfano tu, wa kampuni inayolipa senti 70 kwa kila maili, zigawanywe baina ya wawili. Wakienda maili 5,000 kwa juma, watapata dola 3,500, yaani 1,750 kwa kila mmoja kabla ya kodi. Kwa mwendo wetu ule wa maili 55 kwa saa, kila mmoja atakuwa ameshika usukani kwa saa 45 na nusu, na ujira wake utakuwa zaidi ya dola 38 kwa saa. Huu ni mshahara mnono! Lakini juma lina saa 168, na wawili hawa wamekuwa ndani ya lori au kando yake saa hizo zote. Ukigawanya dola 1,750 kwa 168 unapata dola 10 na senti 42. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani, ambacho ndicho kinachotumika Texas, ni dola 7 na senti 25 tangu mwaka 2009. Mke wa rafiki yangu, kwa kuwa ni mwalimu wa Hisabati, ataona mara moja kwamba jibu hutegemea kigawanyo. Swali ni hili: je, saa unayolala katika kitanda kinachotikisika, mamia ya maili kutoka kwako, ni saa yako au ni saa ya mwajiri?

Isitoshe, sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938, ambayo huwapa wafanyakazi wengi malipo ya ziada wakipitisha saa 40 kwa juma, haiwahusu madereva hawa wa kati ya majimbo. Nayo saa ya kungoja mzigo upakiwe au upakuliwe mara nyingi hailipwi, au hulipwa kidogo. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani alikadiria katika ripoti ya mwaka 2018 kwamba kungojeshwa huko huwapunguzia madereva wa kampuni za kubeba mizigo kwa ujira mapato ya kati ya dola bilioni 1.1 na bilioni 1.3 kila mwaka. Timu ikingoja getini, wanaopoteza ni wawili, nao hula chungu kimoja.

Hilo la chungu kimoja linahitaji kusisitizwa. Leo, katika nyumba yao ya Texas, ghala likimfukuza mume, mke angali na kazi. Wakiingia katika lori moja, watakuwa wameweka mayai yote katika kapu moja. Kila dereva sharti apimwe afya na daktari aliyeidhinishwa, angalau mara moja kila baada ya miaka miwili. Shinikizo la damu likimpanda mmoja, wote wawili wamesimama. Kila dereva hupimwa dawa za kulevya bila taarifa, na tangu Januari 2020 matokeo mabaya huingizwa katika daftari la kitaifa ambalo kila mwajiri hulisoma. Bangi imehalalishwa katika majimbo kadhaa, lakini kwa dereva wa lori ni marufuku popote alipo. Na wakikosana? Mtu na mkewe wakikosana nyumbani, mmoja hutoka nje akapunga upepo. Wakikosana usiku wa manane katika nyika za Wyoming, mmoja ana tani 36 mikononi mwake, na mwingine roho yake i mikononi mwa yule aliyemkasirisha.

Afya nayo haina budi kutajwa. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, iliwahoji madereva wa safari ndefu mwaka 2010, ikakuta kwamba takriban 7 kati ya kila 10 walikuwa na unene wa kupindukia, na kwamba zaidi ya nusu walikuwa wakivuta sigara. Ni kazi ya kukaa, kula vya kukaanga na kulala saa zisizo za kulala. Hata hivyo, lazima tuwe waadilifu katika kupima. Watafiti wa Virginia Tech, katika ripoti ya mwaka 2001, walibainisha kwamba madereva wa timu hulala usingizi mbovu zaidi lori linapokwenda, lakini walibainisha pia kwamba madereva wa peke yao ndio waliokutwa mara nyingi zaidi na uchovu wa kupita kiasi barabarani. Sababu haiko mbali. Mwenye mwenzake akichoka humwamsha, na asiye na mwenzake hujilazimisha. Kwa upande huu, rafiki yangu ana hoja: mke na mume wanaoaminiana huenda wakawa salama kuliko mtu mmoja aliyeachwa na barabara yake.

Sasa nirudi katika lile neno "pamoja", maana ndilo lililobeba uzito wa barua nzima, na mimi kazi yangu ni maneno. Sisi walimu wa lugha huwafundisha wanafunzi kauli ya kutendana: pendana, saidiana, pigana, pokezana. Wanafunzi huandika kwamba kiambishi hicho huonyesha watu wawili wanaotendeana jambo, na hupata alama zao. Lakini maneno hayo hayafanani yote. Wanaopigana hupigana wakati mmoja, na wanaopendana hupendana wakati mmoja. Wanaopokezana, kinyume chake, hawashiki kitu wakati mmoja. Mmoja akikishika, mwingine amekwisha kukiachia. Kupokezana ni ushirikiano, tena ni ushirikiano mzuri, lakini umejengwa juu ya zamu. Wachukuzi wa machela hupokezana na walinzi wa usiku hupokezana. Mume na mke wa Texas wanapokezana tayari, na kinachopokezwa ni nyumba na watoto. Wanachokusudia kufanya ni kuacha kupokezana watoto, ili wapokezane usukani.

Asidhani mtu kwamba ninacheza na maneno. Sheria yenyewe ya Marekani imeupima umbali huo kwa saa. Dereva wa timu anayetaka mapumziko yake ya saa 10 yahesabiwe wakati lori linapokwenda, ni lazima alale au ajinyoshe katika kile kitanda cha nyuma kwa saa 7 mfululizo angalau, na anaweza kukaa katika kiti cha abiria, kando ya mwenziwe, kwa saa zisizozidi 3, kabla au baada ya saa hizo za kitandani. Akizidisha, muda wa ziada huhesabiwa kuwa kazi. Basi serikali imewapimia mume na mke saa 3 za kukaa ubavu kwa ubavu lori likiwa mwendoni, nazo ni saa ambazo mmoja wao hana ruhusa ya kuondoa macho barabarani. Ni kweli kwamba watakula pamoja kituoni, na watapumzika pamoja siku ambayo saa zao 70 zimekwisha. Lakini anayefikiri kwamba ataishi na mkewe saa 24 kwa siku kwa sababu wako katika gari moja, hajaisoma kanuni hiyo. Waliokaribiana si lazima wawe wamekutana.

Jambo la nne ni mkataba. Kuna kampuni zitakazojitolea kuwalipia masomo ya udereva, ambayo tangu Februari 2022 ni lazima yapatikane kwa mkufunzi aliyesajiliwa na serikali. Hiyo si sadaka. Mara nyingi anayeacha kazi kabla ya muda uliokubaliwa hutakiwa kulipa gharama hizo, na wao wangekuwa wadeni wawili. Baadaye huja kishawishi kikubwa zaidi: kukodi lori kutoka kwa kampuni ile ile inayokupa kazi, kwa ahadi kwamba siku moja litakuwa lako. Dereva huitwa mjasiriamali, lakini mafuta ni yake, matengenezo ni yake, na safari hupangiwa na mwingine. Jopo lililoundwa chini ya sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 kuichunguza mikataba hiyo lilipendekeza, Januari 2025, kwamba ipigwe marufuku. Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Mimi naongeza: uulize vimeundwa na nani, na kwa faida ya nani.

Wanafunzi wa uchumi watauliza: ikiwa kazi ni ngumu hivi, mbona kampuni hazikosi watu? Jibu ni kwamba huwapata na kuwapoteza. Tangu sheria ya mwaka 1980, iliyotiwa sahihi na Rais Jimmy Carter, kuiondolea biashara ya malori udhibiti wa nauli na njia, ushindani umekuwa mkali, na katika miaka mingi ya karne hii idadi ya madereva wanaoacha kazi katika kampuni kubwa za safari ndefu imekaribia au kupita asilimia 90 ya nafasi zote kwa mwaka. Stephen Burks na Kristen Monaco, walioandika mwaka 2019 katika jarida la idara ya takwimu za kazi ya Marekani, walionyesha kwamba soko la madereva kwa jumla halijavunjika, bali linafanya kazi kama masoko mengine. Kwa hiyo tukisikia kilio cha "uhaba wa madereva", tujiulize kama ni uhaba wa watu au ni uhaba wa masharti yanayomfanya mtu abaki.

Kuna na suala la lugha, ambalo siwezi kulipita. Kanuni za Marekani kwa muda mrefu zimemtaka dereva wa lori ajue Kiingereza cha kutosha kuzungumza na watu, kuelewa alama za barabarani, kujibu maswali ya maafisa na kuandika ripoti. Mnamo Aprili 28, 2025 Rais Donald Trump alitoa amri kwamba kanuni hiyo itekelezwe kwa ukali, na kuanzia Juni 25 mwaka huo dereva anayeshindwa katika mahojiano ya kando ya barabara huzuiwa papo hapo kuendelea na safari. Hatakiwi kutumia mkalimani wala simu ya kumtafsiria. Wakenya wengi watasema hilo haliwahusu, kwani Kiingereza tumekinywa shuleni kama uji. Nawaonya wasijitape. Kiingereza cha insha si Kiingereza cha mizani. Nimewajua watu wenye shahada waliokwama mbele ya afisa wa nchi nyingine, si kwa kukosa sarufi, bali kwa sababu lafudhi zao zilipishana na istilahi za kazi hawakuzijua. Na katika timu, ulimi wa mmoja ni safari ya wawili. Mmoja akizuiwa, ule mzigo uliohesabiwa siku tatu sasa unahitaji siku tano.

Kwa walimu na wanafunzi walio hapa nyumbani, wanaosoma matangazo ya mawakala na kuhesabu dola vidoleni, nina neno fupi. Hali ya rafiki yangu ni tofauti kwa sababu yeye na mkewe wana ukaazi wa kudumu. Mnamo Agosti 2025 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kusitishwa kwa viza za kazi kwa madereva wa malori. Mwezi uliofuata Wizara ya Uchukuzi ilitoa kanuni za dharura za kubana leseni za wageni wasio na makazi ya kudumu, na jambo hilo likafikishwa mahakamani. Kwa hiyo wakala atakayekuahidi wewe na mkeo lori Marekani kwa malipo ya mapema, mwombe akuonyeshe sheria inayomwezesha, kisha shika pochi yako kwa mikono miwili.

Je, sisi tunaweza kujifunza nini kwa barabara zetu? Kutoka Mombasa hadi Malaba tuna madereva wetu, na hadithi yao ni ya ndoa pia, ingawa hatuiiti hivyo. Katika kabini zetu kuna dereva na utingo, na mke yuko nyumbani. Mji wa Mlolongo, pale nje ya Nairobi, umepewa jina na foleni ya malori yaliyongojea mizani. Aprili na Mei 2020, wakati wa kupima korona, foleni ya Malaba ilinyoshwa kilomita nyingi, na madereva walilala chini ya trela siku kadhaa huku majirani wakiwaogopa kama ndio ugonjwa wenyewe. Mnamo Juni 30, 2023 lori lililopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani liliua watu zaidi ya 50. Katika nchi ambayo lori moja linaweza kufanya hayo, usingizi wa dereva si jambo lake la faragha. Marekani imeuandika usingizi huo katika sheria na kuutilia kifaa cha kuuhesabu. Sisi mara nyingi tunauacha kwa miraa na kwa Mungu. Mwanafunzi anayetaka mada ya utafiti asiende mbali. Aende Mariakani, Mtito Andei au Salgaa akaulize nani analala, saa ngapi, na nani anamngoja nyumbani.

Sasa nimjibu rafiki yangu waziwazi, maana jibu lisilo na upande ni adabu isiyosaidia.

Kazi hii si ya aibu, wala si ndoto tupu. Kwa mume na mke ambao watoto wao wamekwisha kuwa watu wazima, au ambao hawajajaliwa watoto, wenye afya njema na subira, wanaojiwekea lengo la fedha na tarehe ya kushuka, inaweza kuwa njia halali ya kulipa deni au kununua kipande cha ardhi. Wakubaliane mapema kwamba kila mmoja atalipwa kwa jina lake na katika akaunti yake. Wasikodi lori la mwajiri. Waweke akiba ya miezi mitatu kabla ya kuacha kazi ya kwanza. Wajaribu kusafiri pamoja kwa gari dogo usiku kucha kwa zamu, waone kama mmoja anaweza kulala huku mwenziwe anaendesha. Asiyeweza kufumba macho mikononi mwa mwenzake hafai kazi hii, hata kama ni ndoa ya miaka 20.

Lakini ninyi, ndugu yangu, mna mtoto wa miaka 9 na mwingine wa miaka 6. Mmeniuliza kama si heri kuwa pamoja garini kuliko kupishana mlangoni. Nami nawauliza: katika mlango huo mnaopishana, ni nani wanaowangoja ndani? Mkiondoka, mlango huo utafungwa. Watoto watapata karo, viatu na simu ya Jumapili, na bibi yao atafanya aliloweza, kama mabibi wa Kenya wanavyofanya kila siku bila kushukuriwa. Mtakaporudi, mdogo atakuwa na miaka 9 na lafudhi ya bibi yake, na atawaamkia kwa heshima ile wanayopewa wageni. Mimi ni mwalimu, na walimu wenzangu wanaosoma makala haya wanamjua mtoto huyo, maana amekaa katika madarasa yetu. Hakosi chochote kinachoweza kununuliwa, lakini siku ya wazazi hutazama dirishani.

Tatizo lenu si kukosa lori, ni kupangwa kwa zamu zenu. Kabla ya kuacha kazi mbili mtafute ya tatu, ombeni kwanza mmoja wenu abadilishiwe saa. Mke wako ana shahada ya Hisabati, na shule za Texas zina utaratibu wa kuwapa leseni walimu waliosomea nje. Njia hiyo ni ndefu, ina karatasi nyingi na mitihani, na mshahara wa mwanzo hauna tabasamu la kwenye tangazo. Lakini jioni mtakula meza moja, wote wanne. Ikiwa ni lazima mmoja aendeshe lori, na aendeshe lile la safari fupi, linalorudi nyumbani kila usiku, hata kama senti kwa maili ni chache.

Na mkishaamua vingine, kwa kuwa ninyi ni watu wazima na ndoa ni yenu, basi nawaombea barabara njema. Ila nina ombi moja. Zile saa 3 mlizoruhusiwa kukaa ubavu kwa ubavu, msizitumie kuhesabu maili. Pigeni simu nyumbani, muongee na watoto.